Bosi anataka tufungue akaunti benki aliyoichagua yeye la sivyo hakuna mshahara, hii imekaaje kisheria?

mama_wawili_usa

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nikiuliza kazini kila mtu ananiambia lake. Mimi niko jikoni kwenye lodge moja huku Usa River, jina naliacha, mwaka wa tisa sasa. Tangu nianze tunalipwa keshi. Tarehe 28 mhasibu anakaa kwenye kachumba ka stoo na kaunta buku lake, unaitwa, unahesabu, unasaini, unapewa bahasha ya kaki, umemaliza anaitwa mwingine. Mshahara wangu sa hivi laki tatu na sitini kabla ya makato, mkononi inakuja laki tatu kumi na tisa na mia sita. Kuna shilingi themanini nyingine juu yake ila hiyo themanini sijawahi kuishika, kila mwezi chenji haipo.

Sasa Jumatatu tumefika tunakuta karatasi imebandikwa mlangoni pa mesi ya wafanyakazi, kuanzia mwezi ujao mishahara yote inapitia benki, na sio benki yoyote, ni moja tu wameshaichagua wao, kila mtu akafungue akaunti alete namba kabla ya tarehe 15, na chini wameandika kwa herufi kubwa ATAKAYESHINDWA MSHAHARA WAKE UTASUBIRI. Hakuna aliyetuita kikao, hakuna aliyetuuliza.

Akaunti mimi ninayo, benki nyingine, nina kadi na kila kitu. Hiyo benki yao sijui hata milango yake ikoje. Na kuna mzee wetu wa bustani huyu ndio ananiumiza roho, jina lake kwenye kitambulisho cha NIDA lilikosewa herufi mbili, kazini anajulikana kwa jina lake halisi, ameshaenda benki mara mbili anarudishwa kwamba majina hayafanani. Yeye afanyeje, asile?

Swali langu, mwajiri ana haki ya kulazimisha hivi? Au niwe mpole tu nikafungue.

chalii_wa_unga

Dada mwaka huu bado unapewa bahasha ya kaki 😂😂 si ukafungue tu akaunti mambo yaishe, dakika kumi kwa wakala una kila kitu. Watu wanatafuta kazi Chuga hawapati we unagombana na benki

katibu_tawi

Chalii acha kumcheka mtu aliyeuliza vizuri.

Mama, mimi nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kazi za hoteli kwa muda, hii kesi naijua kwa moyo maana tumeipigania hadi sauti zikakauka. Chukua hii: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 27. Inasema mwajiri atakulipa mshahara ndani ya saa za kazi, mahali pa kazi, siku mliyokubaliana, na atakulipa KWA FEDHA TASLIMU isipokuwa wewe mfanyakazi umekubali vinginevyo. Ukikubali vinginevyo ndio inakuja hundi yenye jina lako au kuwekewa kwenye akaunti, na hapo sheria haijasema akaunti aliyoipenda bosi, imesema akaunti ambayo wewe mfanyakazi umeitaja kwa maandishi. Hata hiyo bahasha yako chalii anayoicheka ipo kwenye sheria, ukilipwa keshi au hundi inatakiwa iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Kwaiyo miaka yote tisa mlikuwa mnalipwa kama kitabu kinavyotaka, sio ushamba.

Yaani kwa lugha rahisi, benki ni ruhusa yako, na akaunti ni chaguo lako. Karatasi ya kubandika mlangoni sio makubaliano. Na ile sentensi ya mshahara utasubiri ndio mbovu kuliko zote. Mshahara umeshaufanyia kazi, ukifika tarehe ni deni la mwajiri, hakuna mahali sheria imempa nafasi ya kukaa nao kisa hujaleta namba ya akaunti.

Ila kabla hujapanda juu kachukue mkataba wako usome kwanza. Kama ulisaini sehemu imeandikwa mshahara utalipwa kupitia benki basi ulishakubali zamani hizo na hoja yako inabaki kwenye benki gani tu. Wengi hapa ndipo wanapoanguka, wanasaini kurasa nane bila kusoma, kisha anakuja kwangu analia.

mhasibu_njiro

Naomba nitetee upande wa pili kidogo maana mimi ndio yule wa kwenye kachumba ka stoo, sio hiyo lodge lakini kachumba ni kale kale.

Wadau mnajua kulipa watu tisini kwa keshi ni kazi gani? Unaenda benki mjini asubuhi na dereva, unatoka na milioni zaidi ya ishirini kwenye mfuko wa rambo ili usionekane una hela, barabara nzima ya Moshi pikipiki ikikaa nyuma yako dakika mbili tumbo linakata. Kisha unaanza kutafuta noti ndogo ndogo, mia tano na elfu elfu, unahesabu hadi saa nne usiku, unafunga bahasha, na ukikosea kumi ni ya kwako. Mimi nimewahi kulipa elfu sabini mfukoni mwangu kwa sababu bahasha mbili zilibadilishana na aliyepewa zaidi alinyamaza kimya. Kwaiyo mwajiri akisema benki mara nyingi sio roho mbaya, amechoka.

Na kwa nini benki moja, hiyo nayo naijua. Ukituma faili la mishahara ndani ya benki hiyo hiyo watu wanapokea saa hiyo hiyo na gharama ni ndogo au hamna, ukianza kutuma benki sita tofauti kila muamala una ada yake na mmoja akikosea tarakimu moja ya akaunti hela inarudi baada ya siku kadhaa na anakuja kunifokea mimi. Pia mara nyingi benki imeshakuja kwa bosi na maneno matamu, wafanyakazi wako watapata mikopo nafuu, na bosi mwenyewe labda ana mkopo wake pale pale. Hiyo ya mwisho sijasema mimi.

Katibu yuko sahihi kwenye sheria lakini mama ukiwa mmoja kati ya tisini unataka keshi, utaonekana wewe ndio tatizo.

katibu_tawi

Mhasibu kazi yako naiheshimu lakini ada ya kutuma benki sita ni gharama ya biashara kama gesi ya jikoni, haimhusu mpishi. Na mimi sijasema mama adai keshi. Nimesema akaunti aitaje yeye. Kuna tofauti kubwa hapo.

Halafu mabadiliko yoyote kwenye masharti ya kazi yale yaliyoandikwa, kifungu cha 15 kinataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kwanza kisha amjulishe kwa maandishi. Kushauriana sio gundi na karatasi.

namanga_kila_wiki

Nachomekea kidogo wakuu, mimi niko mpakani navuka Kenya kila wiki. Kule Sheria yao ya Ajira ya 2007 kifungu cha 17 inaruhusu keshi, au akaunti ya benki ambayo mfanyakazi ameitaja, au hundi, au money order. Hapo nako ni mfanyakazi anayeitaja akaunti, sio mwajiri. Na wao wameenda mbali, wamekataza mshahara kulipwa baa au duka linalouza pombe 😂 mtunga sheria aliwajua wateja wake.

Shemeji yangu yuko Marekani anaosha wazee, nilimuuliza hili jambo baada ya kuona uzi huu. Huko sheria yao ya mwaka 1978 ya miamala ya kielektroniki inamkataza mwajiri kukuwekea sharti kwamba ili upate kazi lazima ufungue akaunti benki fulani. Anaweza kukwambia ulipwe kwa benki lakini benki uchague mwenyewe, au akuchagulie benki ila akuachie na njia nyingine kama hundi. Ukija kwenye majimbo inabana zaidi, New York na California bila ridhaa yako hakuwekei benki. Na kuna kampuni zinalipa kwa kadi ya mshahara yenye makato kila ukitoa, nayo hawaruhusiwi kukupa hiyo kadi peke yake bila njia nyingine. Kwaiyo mama usijione mshamba, hili swali wanaliuliza hadi huko mbele.

mpagazi_wa_majengo

Mimi niko Moshi, Majengo, nimebeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro miaka kumi na moja kabla goti halijakataa. Nataka niwaambie kitu ambacho watu wa ofisini hamkijui, keshi ndio iliyotuibia.

Tulikuwa tunashuka Mweka tumechoka, siku sita mlimani, miguu imevimba, unaambiwa njoo ofisini kesho kutwa uchukue hela yako. Unafika unakaa kibarazani tangu saa tatu, mnaitwa saa kumi jioni, kuna fomu mezani. Fomu imeandikwa elfu ishirini kwa siku, siku sita, laki na ishirini. Unasaini. Kisha unapewa tisini. Ukiuliza unaambiwa hela nyingine imepata shida, utapewa safari ijayo, na safari ijayo kama umeuliza sana hupangiwi. Nimesaini laki na ishirini nikapokea tisini sijui mara ngapi, sihesabu tena. Na ile fomu ndio inayoenda kuonyeshwa kwa wakaguzi, saini yangu iko pale nzuri kabisa, nilisoma hadi la saba mwandiko wangu sio mbaya.

Walipoanza kutulipa kwa benki mwizi alikosa pa kujificha. Kama ni laki na ishirini inaingia laki na ishirini, ikiingia tisini karatasi ya benki inasema tisini. Mimi mtu akiniambia benki ni mbaya tutakosana.

katibu_tawi

Mpagazi pole sana kaka yangu. Na hiyo ulofanyiwa ina kifungu chake, cha 28, mwajiri haruhusiwi kumfanya mfanyakazi akiri kwa saini amepokea kiasi kikubwa kuliko alichopokea kweli. Wala haruhusiwi kukudai urudishe mshahara, labda kama alikosea hesabu akakuzidishia. Umeongea jambo zito na nakubaliana nawe, karatasi ya benki ni shahidi asiyehongeka.

Mama umeona sasa, benki kama benki haina ubaya. Ubaya ni kulazimishwa na ubaya ni ile tarehe 15.

chalii_wa_unga

Haya nimeelewa nimetulia. Ila swali, huyo mzee wa bustani alipwe M-Pesa si inatosha? Laini anayo

mhasibu_njiro

Laini nayo inasajiliwa kwa NIDA hiyo hiyo chalii, herufi mbili zitamfuata hadi huko. Ila kama laini yake imesajiliwa na anatumia, inawezekana. Sheria ni ya 2004, M-Pesa imeingia Tanzania 2008, kwaiyo maneno yenyewe yanataja hundi na akaunti tu, simu haimo. Sisi tunafanya hivi, mtu anaandika barua kwamba yeye fulani anaomba mshahara utumwe namba fulani ya simu iliyosajiliwa kwa jina fulani, anasaini, inakaa kwenye faili lake. Na makubaliano ya ada ya kutolea yawekwe humo humo. Mnakumbuka 2021 tozo za miamala zilipoanza, watu wetu wa kulipwa kwa simu walikuja juu hadi tukawaongezea ya kutolea.

Kwa yule mzee suluhisho la kweli ni NIDA arekebishe jina, wakati inasubiriwa alipwe keshi kama kawaida. Hakuna mhasibu duniani atashindwa kufunga bahasha moja.

bibi_kilombero

Mama wawili, mimi ni mtu mzima nimeuza sokoni Kilombero tangu enzi hizo na sijawahi kuajiriwa, lakini nimelea wasichana wengi walioajiriwa. Nikuulize kitu na usinijibu hapa kama hutaki. Umesema akaunti unayo, kadi unayo. Sasa kinachokuumiza hasa ni nini? Maana mtu mwenye akaunti kuhamisha mshahara kwenda benki sio jambo la kukosa usingizi. Nimesoma maandishi yako mara mbili naona kuna kitu umekikalia.

mama_wawili_usa

Bibi shikamoo. Umenishika pabaya.

Naomba niseme tu kwa sababu hapa hamnijui. Ile bahasha ya keshi mimi huwa naifungua kabla sijafika nyumbani. Natoka kazini nakaa kwenye kijiwe cha mama ntilie karibu na stendi ya hiace naagiza chai, nagawanya pale pale mezani chini ya meza. Elfu arobaini ya vikoba, naipeleka kwa mweka hazina siku hiyo hiyo. Ada ya mtoto wa pili inakaa kwenye kibubu kwa dada yangu. Hela ya Mangi ya deni la sukari na mafuta. Inayobaki ndio inafika nyumbani na baba watoto anajua hiyo ndio mshahara. Sio mtu mbaya, hanipigi, ila hela ikionekana yote mezani inapata wenyewe, ndugu yake mgonjwa, pikipiki imeharibika tairi, mwezi unaisha tarehe tano.

Sasa akaunti ya benki niliyonayo meseji zake zinakuja kwenye simu na simu yangu anaishika, hatujafichana simu. Umeingiziwa kiasi fulani salio lako kiasi fulani. Mwezi mmoja tu atajua kila kitu cha miaka tisa. Ndio hiyo bibi. Sheria nilitaka nijue lakini hiyo ndio inaninyima usingizi.

bibi_kilombero

Marahaba mwanangu. Nilijua.

Sikuhukumu, hicho kibubu ndio kimesomesha nusu ya watoto wa Arusha hii. Sikiliza. Meseji za benki sio lazima, ni huduma, unaenda tawini unawaambia waizime, na mara nyingi unaokoa hata makato yake. Usiende kuifungua kwa wakala ambapo namba yako ya simu inakuwa kila kitu, nenda tawini ukae mbele ya mtu umweleze. Na uwaulize akaunti ya kikundi inakuwaje, watu wa vikoba wengi siku hizi wana akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wewe unaweka maagizo kila tarehe 29 elfu arobaini iende kule yenyewe. Hiyo hela hata wewe hutaiona, sembuse yeye.

Lingine ambalo nasema kwa wote wanaosoma, kadi ya ATM usimpe mtu. Hawa wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu wanataka wakae na kadi yako na namba ya siri, mshahara ukiingia wanautoa wao wanakupa makombo. Keshi ilikuwa inakukinga na hilo, benki haikukingi, ukishagawa namba ya siri umegawa mshahara. Nimemwona msichana wa watu anakaa mlangoni kwa mkopeshaji tarehe 30 anasubiri abakishiwe nauli.

mpagazi_wa_majengo

Bibi hilo la kausha damu ni kweli kabisa, huku Pasua na Majengo wapo kila kona, mtu ana kadi za watu kumi na tano kwenye kopo la blueband

mhasibu_njiro

Mama nimekuelewa sasa, na nisamehe kwa maneno ya kuonekana tatizo. Fanya hivi, andika barua fupi tu, isiwe ya ugomvi. Mimi nikipokea barua kama hii sina la kufanya zaidi ya kuifuata:

"Mimi (jina), mfanyakazi wa jikoni, nimesoma tangazo la tarehe fulani. Nakubali mshahara wangu ulipwe kwa njia ya benki kuanzia mwezi fulani, kwenye akaunti yangu namba fulani, benki fulani, jina la akaunti kama lilivyo kwenye kitambulisho. Naomba pia nipewe hati ya mshahara kila mwezi yenye kuonyesha mshahara ghafi na makato yote. Kwa wasio na akaunti naomba waendelee kulipwa kama awali hadi watakapokamilisha."

Toa nakala mbili, moja wagonge mhuri umepokelewa, ubaki nayo. Hiyo ya hati ya mshahara usiiache, ni haki yako kwenye kifungu hicho hicho cha 27, kila malipo yaende na maelezo ya maandishi. Na kwa hesabu yako inatakiwa ionekane hivi: laki tatu na sitini, NSSF asilimia kumi yako elfu thelathini na sita, inabaki laki tatu ishirini na nne, kodi inaanzia juu ya laki mbili na sabini kwaiyo elfu hamsini na nne mara asilimia nane ni elfu nne mia tatu ishirini, mkononi laki tatu kumi na tisa elfu na mia sita themanini. Na ile themanini yako unaiona mwisho wake.

katibu_tawi

Barua nzuri. Naongeza moja tu, wakikataa na tarehe ikapita bila mshahara usikae kimya miezi. Kama lodge yenu ina tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, anzia hapo, kama haina nenda kwa afisa kazi. Mgogoro wa kutolipwa unaupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku sitini, unajaza fomu namba moja, hulipi wakili, wanaanza na usuluhishi. Mkifukuzwa kazi kwa ajili ya hili muda ni mfupi zaidi, siku thelathini. Watu wanazipoteza hizi siku kwa kusubiri bosi atabadilika. Hiyo ni ya bara lakini, wa Zanzibar wana sheria yao.

chalii_wa_unga

Mama tupe mrejesho basi

mama_wawili_usa

Samahanini kwa kupotea, ni msimu wa wageni jikoni hatupumui.

Barua nilipeleka Alhamisi. HR akaisoma mara mbili akaniuliza nani amekuandikia, nikamwambia nimeandika mwenyewe, akacheka kidogo akapiga mhuri. Kesho yake kumbe wenzangu kumi na wanne nao wakaleta za kwao, wamenakili ya kwangu hadi na kosa la spelling nililofanya kwenye neno "kitambulisho". Wiki iliyofuata karatasi ya mlangoni imetolewa, imewekwa nyingine inasema mwenye akaunti benki yoyote alete namba, asiye nayo aendelee kuchukua kwa mhasibu hadi mwisho wa mwaka. Mzee wa bustani alichukua bahasha yake juzi anatembea nayo mkononi kama amepewa cheti.

Mshahara wangu umeingia tarehe 28 jioni, laki tatu kumi na tisa elfu na mia sita themanini. Meseji nilizizima tawini kama bibi alivyosema, dada wa benki hakuniuliza hata kwa nini. Vikoba inaondoka yenyewe. Nyumbani nimemwambia sasa tunalipwa benki, akauliza shilingi ngapi, nikamwambia kama kawaida. Nilitoa kwa wakala kiasi kile kile ninachofikaga nacho.

Ila sasa kuna jingine. Hati ya mshahara nimepewa kwa mara ya kwanza, imeandikwa NSSF elfu thelathini na sita kama mhasibu alivyopiga. Nikasema ngoja nipite ofisi ya NSSF mjini niangalie michango yangu kwa vile nilikuwa off. Yule kijana akaangalia kwenye kompyuta, akaangalia tena, akanigeuzia skrini. Mwezi wa mwisho kuingia mchango wangu ni Machi mwaka jana. Nimekaa nje pale kwenye benchi kama nusu saa. Inakatwa kila mwezi, nimesaini kaunta buku kila mwezi, imeenda wapi?

mhasibu_njiro

Mama hiyo hati usiipoteze, piga picha zote mbili mbele na nyuma, na umwombe yule kijana wa NSSF akuchapie taarifa ya michango yenye mhuri. Hapo kila mwezi inatakiwa ionekane elfu sabini na mbili, thelathini na sita yako na thelathini na sita ya mwajiri.

katibu_tawi

Na usimwambie mtu kazini bado. Hii wanaoanza kuidai ni NSSF wenyewe, wana wakaguzi wao wanaenda kwa mwajiri bila kukutaja jina. Rudi pale Jumatatu uombe kuonana na afisa wa ukaguzi. Wale kumi na wanne wa barua waende mmoja mmoja wakaangalie za kwao, wasiende kwa mkupuo.

mama_wawili_usa

Jumatatu niko asubuhi shift, nitaenda Jumanne. Mzee wa bustani naye anataka twende wote, amesema atavaa koti.